Ukuta wa Berlin na Nusu Pointi Inayotolewa Jasho

Tarehe 8 Oktoba 2000, jijini London, Garry Kasparov na Vladimir Kramnik walipeana mikono baada ya hatua 25, na mchezo wa kwanza wa pambano lao la ubingwa wa dunia wa chesi ukaandikwa sare. Tangu hatua ya 9 mpaka hapo hakuna kete hata moja iliyokuwa imeliwa. Kete 26 zilikuwa bado ubaoni. Mtu akiutazama mchezo huo juu juu atasema wawili hawa walichoka mapema. Ukiufuata hatua kwa hatua unaona jambo jingine: Kasparov, bingwa tangu 1985, akiwa na nyeupe na ufunguzi anaoupenda, alifikishwa mahali ambapo hana malkia, hana mfalme wa kumshambulia, na kila kitunda (kete ndogo ya safu ya mbele) anachosukuma kinaacha shimo nyuma yake. Alirudi kwenye ufunguzi huo huo katika mchezo wa 3, wa 9 na wa 13. Yote minne ikawa sare. Pambano liliisha kwa pointi 8.5 kwa 6.5, Kramnik akiwa ameshinda michezo miwili akiwa na nyeupe, wa 2 na wa 10. Kasparov hakushinda hata mmoja.

Tangu hapo jibu la Kramnik akiwa na nyeusi, Ulinzi wa Berlin, likaitwa Ukuta wa Berlin, na mpaka leo ndio ufunguzi unaotajwa watu wakitaka kulalamikia sare. Mimi naona Uganda tunapaswa kuuchukua, kuufundisha shuleni na vilabuni, na kuwapa wachezaji wetu wanaokaa na nyeusi dhidi ya watu wanaowazidi nguvu. Na naona vilevile kwamba sare za kupeana mikono hatua ya 14, ambazo hujificha nyuma ya jina hilo hilo la Berlin, hazimfunzi kijana kitu chochote. Mambo haya mawili yanachanganywa mno.

Tuanze na ubao. Hatua naziandika kwa herufi zile zile tunazozitumia kwenye karatasi ya mchezo: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, kitunda hakina herufi. Kila mraba una herufi ya mstari wake wa wima, a mpaka h, na namba ya safu yake, 1 mpaka 8. Alama ya x ni kula, + ni shaha, yaani mfalme kushambuliwa, na nukta tatu zinaonyesha hatua ya Nyeusi.

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bb5 Nf6. Vijana wengi huzoeshwa 3...a6, kumwuliza askofu kwanza anakwenda wapi. Berlin haiulizi, inakishambulia kitunda cha e4 papo hapo. Nyeupe inamficha mfalme, yaani mfalme na ngome wanahama kwa zamu moja ili mfalme awe salama, 4.0-0, na Nyeusi inakula, 4...Nxe4. Halafu 5.d4 Nd6 6.Bxc6 dxc6 7.dxe5 Nf5 8.Qxd8+ Kxd8.

Kuna hatua mbili hapo ambazo anayejifunza huzikosea, na zote mbili zinamgharimu. Ya kwanza ni hatua ya 5. Akiona kitunda cha d4 anataka kukila: 5...exd4. Lakini kitunda cha e5 kikiondoka, mstari wa e umefunguka, na 6.Re1 inambana farasi wa e4 mbele ya mfalme wake mwenyewe. Kuanzia hapo Nyeusi inatumia zamu baada ya zamu kumwokoa farasi mmoja huku kete nyingine zimelala. Farasi arudi d6 mara moja, tena akirudi anamgusa askofu wa b5, kwa hiyo hapotezi zamu.

Ya pili ni hatua ya 6. Mwalimu amemwambia mtoto kwamba vitunda viliwe kuelekea katikati, basi anakula kwa b: 6...bxc6. Kwa kawaida ushauri ule ni mzuri. Hapa unamfungia askofu wa c8 nyuma ya kitunda cha d7, na baada ya 7.dxe5 farasi kwa kawaida anakwenda b7, mahali pabaya pa kuanzia maisha. Inachezeka, lakini ni taabu. Kula kwa d, 6...dxc6, kunamfungulia askofu wa c8 mshazari wake. Bei yake ni malkia kubadilishwa na mfalme kupoteza haki ya kufichwa. Berlin yote ni kukubali bei hiyo ukijua unanunua nini.

Sasa hesabu vitunda baada ya 8...Kxd8. Nyeupe ina vitatu upande wa malkia, a2, b2 na c2, na vinne upande wa mfalme, e5, f2, g2 na h2. Nyeusi ina vinne upande wa malkia, a7, b7, c7 na c6, lakini viwili vimepandana mstari wa c, na vitatu upande wa mfalme, f7, g7 na h7. Maana yake ni kwamba Nyeupe ikisukuma vizuri upande wa mfalme itapata kitunda huru (kisicho na kitunda cha adui cha kukizuia mbele wala pembeni), wakati vile vinne vya Nyeusi, kwa sababu ya kupandana, vinazuiliwa na vitatu. Ondoa kete zote, bakisha wafalme na vitunda, na kwa kawaida Nyeupe inashinda. Kila kijana anayetaka kucheza Berlin alale na jambo hilo kichwani. Mwenye nyeusi anayebadilishana kila kete kwa kudhani kwamba ubao ukipungua sare inakaribia, anatembea kwa miguu yake kwenda kushindwa.

Nyeusi basi imenunua nini? Kwanza, maaskofu wawili, wakati Nyeupe imebaki na mmoja. Huyo mmoja anatembea miraba meusi, na kitunda chake cha e5 kimesimama juu ya mraba mweusi, kinamziba. Pili, miraba meupe. Askofu wa Nyeupe wa miraba meupe ameshaondoka ubaoni, na kitunda kilichofika e5 hakiwezi kurudi kulinda d5 wala f5. Farasi wa Nyeusi anakaa f5, askofu anakaa e6, na kitunda cha e5 kinasimama palepale. Tatu, Nyeusi haina kitunda dhaifu. Vile viwili vya mstari wa c vinaonekana vibaya, lakini kimoja kikisogea c5 kinailinda d4, na cha nyuma kwenye c7 kinailinda b6 na d6.

Hasara iliyobaki ni mfalme aliye katikati na ngome mbili zisizoonana. Hapo ndipo mchezo wenyewe unapochezwa. Nyeupe inataka kufungua njia kabla Nyeusi haijajipanga, kwa g4, f4, f5 au kwa kutoa kitunda e6. Nyeusi inataka zamu tano au sita tu za utulivu.

Turudi London tuone Kramnik alivyozipata.

9.Nc3 Bd7 10.b3 h6. Hatua hii ya mwisho ni ndogo na ina kazi mbili: farasi wa f3 hapati g5 ya kuishambulia f7, na askofu wa c1 hapati g5 ya kumpa shaha mfalme wa d8. 11.Bb2 Kc8 12.h3 b6. Mfalme ameanza kutembea kuelekea b7, hapo atakuwa salama na ngome ya a8 itafunguliwa njia. Na h3 ya Kasparov inatangaza g4, kumfukuza farasi wa f5. Kramnik hakusubiri kufukuzwa: 13.Rad1 Ne7 14.Ne2 Ng6. Farasi sasa anaigusa e5 na kuizuia f4.

15.Ne1 h5 16.Nd3 c5 17.c4 a5 18.a4 h4. Hatua hizi nne za vitunda ndizo moyo wa mchezo. c5 inaifunga d4 kwa farasi wa Nyeupe. Kasparov akajibu c4, akapata mraba wa d5 kwa farasi wake, lakini sasa hana kitunda cha kuilinda d4. a5 inatishia a4 ya kuvunja ukuta wa b3. Kasparov akazuia kwa a4 yake, na kitunda cha b3 kikabaki nyuma peke yake, hakuna kitunda cha kukishika mkono. Upande wa pili b6 ya Nyeusi inalindwa na kile kitunda cha c7 tulichokiona kibaya. Halafu h4. Kuanzia hapo Nyeupe ikisukuma g4, Nyeusi inaweza kula njiani (kukila kitunda kilichoruka miraba miwili na kutua kando ya chake), hxg3, na ngome ya h8 ikafunguliwa mstari bila kutembea hatua.

19.Nc3 Be6 20.Nd5 Kb7 21.Ne3 Rh5. Ngome imetoka kupitia pembeni, nyuma ya kitunda cha h7 kilichotembea h6, h5, h4 hatua moja moja. Katika funguzi nyingi ngome hutoka kwa mfalme kufichwa. Katika Berlin hutoka kwa mlango huu wa h. Sasa ngome na farasi wa g6 wote wanaitazama e5. 22.Bc3 Re8 23.Rd2 Kc8 24.f4 Ne7 25.Nf2 Nf5, sare.

Angalia f4 ya hatua ya 24. Nyeupe inaihitaji, maana bila f4 wingi wake wa vitunda hauna kazi. Lakini kitunda cha f kikiwa f4 na cha h kikiwa h3, mraba wa g3 hauna kitunda hata kimoja cha kuulinda. Kramnik akamrudisha farasi f5, anaitazama g3, na kitunda cha h4 kipo tayari kumshikilia akitua pale. Huyo farasi mmoja amefanya hatua 8 kati ya 25: f6, e4, d6, f5, e7, g6, e7, f5. Na askofu wa f8 hakutikisika tangu mwanzo hadi mwisho. Vitabu vya wanaoanza vinasema usisogeze kete moja mara nyingi na toa kete zako zote mapema. Hapa bingwa mtarajiwa alivunja amri zote mbili na hakuna aliyeweza kumwadhibu, kwa sababu malkia hawapo na mstari wa kumfikia mfalme haukufunguka. Askofu wa f8 kutoka pale alipo alikuwa anailinda g7 na mshazari wote mpaka c5. Alikuwa anafanya kazi akiwa nyumbani.

Mchezo huo ni sare ya makubaliano, sikatai. Lakini makubaliano yalikuja baada ya Nyeupe kutumia kila njia ya kawaida ya kusonga na kukuta imefungwa. Katika pambano la michezo 16, mwenye nyeusi akipata nusu pointi dhidi ya Kasparov bila kutoa jasho la woga, ameshapiga hatua.

Huku kwetu ufunguzi huu hauna wapenzi wengi miongoni mwa vijana, na sababu yake inaeleweka. Mtoto anayeanza chesi hufundishwa kwanza mati (mfalme kushambuliwa bila pa kutokea) ya hatua nne, kushambulia f7, kutoa farasi ili mfalme wa mwenzake aburutwe katikati ya ubao. Kuna raha ndani yake, na katika raundi za mwanzo za mashindano ya shule, yakiwemo yale ya Father Grimes, kuna pointi pia. Uganda imejenga jina kwa chesi ya namna hiyo yenye njaa ya kushinda. Watoto waliofundishwa mtaani Katwe, Kampala, na kocha Robert Katende walionyesha dunia hilo, na Phiona Mutesi akarudi kutoka Olimpiadi ya chesi ya Istanbul 2012 na cheo. Tumetoa pia masta wa kimataifa kama Elijah Emojong, Stephen Kawuma na Arthur Ssegwanyi. Shida ni pale mchezaji mwenye moto huo anapopewa nyeusi dhidi ya mtu anayemzidi pointi 300 za kiwango. Akishambulia kwa nguvu, anashindwa kwa hatua 25 na kusema angalau alipigana. Naamini kabisa tunapoteza nusu pointi nyingi kwa mtindo huo.

Chukua hesabu. Kwa jedwali la FIDE, shirikisho la chesi duniani, mchezaji anayezidiwa pointi 100 anatarajiwa kupata 0.36 kwa mchezo. Anayezidiwa 200 anatarajiwa 0.24, na anayezidiwa 300 ni 0.15. Akipata sare, yaani 0.5, tofauti inazidishwa kwa kigezo cha K, namba inayoamua kiwango kibadilike kwa kasi gani. Kwa mchezaji wa kawaida aliye chini ya 2400, K ni 20. Sare dhidi ya aliyemzidi 100 inamwongezea pointi 2.8, dhidi ya aliyemzidi 200, pointi 5.2, dhidi ya aliyemzidi 300, pointi 7. Kijana chini ya miaka 18 mwenye kiwango chini ya 2300 ana K ya 40, kwa hiyo kwake sare ya aina hiyo ya mwisho ni pointi 14. Hizo zinapatikana bila kumshinda mtu.

Na kwenye timu ndiyo zaidi. Olimpiadi inachezwa meza nne kwa kila pambano, mbili nyeusi na mbili nyeupe. Timu ikishika sare mbili kwenye nyeusi, inatakiwa ushindi mmoja na sare moja kwenye nyeupe ili ipate 2.5 na pointi mbili za pambano. Huo ni mpango ambao nahodha anaweza kuupanga usiku kabla ya raundi. Huwezi kupanga timu ambayo kwenye nyeusi haina kitu zaidi ya kuomba Mungu.

Lakini anayechagua Berlin ajue kwamba ukuta huu unaanguka. Mwaka 2014, mjini Sochi, katika mchezo wa 11 wa ubingwa wa dunia, Viswanathan Anand aliucheza dhidi ya Magnus Carlsen. Alipata mchezo mzuri, akasukuma b5 hatua ya 23, hatua ya kishujaa kweli. Halafu hatua ya 27 akatoa ngome kwa askofu kwenye b4. Carlsen akashinda kwa hatua 45 na kubaki na taji. Somo kwa mwenye nyeusi ni la subira: ulipofika pazuri, uliza kwanza kama kete zako zinahitaji kusogea kabisa.

Makosa ya kawaida zaidi yako chini ya kiwango hicho. Nyeusi inasahau h5 au h6, Nyeupe inapata g4 bila malipo, farasi wa f5 anarudi nyuma na vitunda vinne vinaanza kuja pamoja. Au Nyeusi inabadilisha askofu wake wa miraba meupe kwa farasi bila sababu, na miraba meupe kama e6 inadhoofika. Au inabadilisha ngome zote mbili, na tumeshaona vitunda peke yao vinasemaje. Mabadilishano ambayo mara nyingi yanamfaa mwenye nyeusi ni yale yanayobakisha maaskofu wa rangi tofauti, wa kwake wa miraba meupe dhidi ya yule wa Nyeupe wa miraba myeusi. Hapo hata akiwa nyuma kitunda kimoja, kwa kawaida anashikilia.

Upande wa Nyeupe kosa linalonisumbua ni 9.Rd1+. Inatoa shaha, na vijana wanapenda kutoa shaha. Mfalme anakwenda e8, mahali ambapo wachezaji wengi wa Berlin wanampeleka hata bila kulazimishwa, na ngome iliyokuwa f1, tayari kuisaidia f4 na f5, imeondoka kwenye kazi yake. Bora 9.Nc3 au 9.h3.

Nyeupe isiyotaka haya yote inacheza 4.d3 na mchezo unakuwa mrefu, malkia wakiwepo. Jibu la 4...Bc5 ni imara. Wapo wanaofundisha mtego wa 4...Ne7, wakitumaini 5.Nxe5 c6. Ni kweli, askofu akirudi a4, Qa5+ inaokota farasi wa e5. Akija 6.Nc4 kuna mtego ndani ya mtego: Nyeusi ikila askofu, 7.Nd6 ni mati. Inabidi 6...d6, na 7.Ba4 b5 inawapata askofu na farasi kwa pamoja. Mzuri kuujua. Lakini mwenye nyeupe asipokula e5, farasi wako yuko e7 amemziba askofu, kwa hiyo usiufanye kuwa ndio ufunguzi wako.

Sasa nije kwenye ile sare nyingine. Inaanzia hatua ya 6, Nyeupe inapoacha askofu wa b5 aliwe: 6.dxe5 Nxb5 7.a4 Nbd4 8.Nxd4 Nxd4 9.Qxd4 d5 10.exd6 Qxd6 11.Qe4+ Qe6 12.Qd4 Qd6 13.Qe4+ Qe6 14.Qd4 Qd6. Ni hivyo tu. Wote wawili wanaijua, dakika kumi haziishi, wanakwenda kunywa chai. Hali ya ubao baada ya 10...Qxd6 imerudi mara ya pili baada ya 12...Qd6 na mara ya tatu baada ya 14...Qd6, na kanuni inairuhusu.

Grandmasta wawili wanaohitaji nusu pointi katika raundi ya mwisho wana sababu zao. Mtoto wa miaka 15 kwenye mashindano ya wazi Kampala hana sababu hiyo. Amelipa kiingilio, amesafiri kutoka Gulu au Mbale usiku kucha, ana saa ya dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 mbele yake, kisha anaitumia raundi hiyo kurudia malkia kati ya d4 na e4. Katika Olimpiadi hairuhusiwi kukubaliana sare kabla ya hatua 30. Naunga mkono waandaaji wetu waiweke kanuni hiyo kwenye mashindano ya vijana yote. Kurudia hali ya ubao mara tatu kutabaki kuwa halali, kwa hiyo makocha nao wana kazi: mchezaji wa nyeupe aambiwe wazi kwamba 6.Bxc6 ndiyo inayochezwa.

Kwa kuwa tumeigusa kanuni, niseme utaratibu, maana nusu pointi nyingi hupotea hapa mbele ya mwamuzi. Anayedai sare ya kurudiwa mara tatu kwa hatua anayokusudia kucheza anaiandika hatua hiyo kwenye karatasi, haichezi, haigusi kete, anasimamisha saa na kumwambia mwamuzi. Ukigusa kete umepoteza haki ya kudai kwa zamu hiyo. Katika mfano wetu, mwenye nyeusi anaandika 14...Qd6 na kuita. Mwamuzi akikuta dai si sahihi, mpinzani anaongezewa dakika 2 na hatua iliyoandikwa inachezwa. Hali lazima iwe ile ile kabisa: zamu ni ya yule yule, na haki za kumficha mfalme na kula njiani hazijabadilika. Ikirudiwa mara tano mwamuzi anaumaliza mchezo mwenyewe bila kuombwa. Vivyo hivyo hatua 50 kwa kila upande bila kitunda kusogea wala kete kuliwa zinadaiwa. Zikifika 75 mchezo umekwisha.

Kutoa pendekezo la sare kuna mpangilio wake: cheza hatua yako, sema, halafu bonyeza saa. Wote wawili wanaandika alama ya (=) kwenye karatasi. Pendekezo halirudishwi nyuma. Mwenzako anakubali kwa mdomo, au anakataa kwa mdomo, au anakataa kwa kugusa kete. Kurudia kuomba sare kila hatua mbili ni kumsumbua mpinzani, na mwamuzi anaweza kukuadhibu.

Kocha anayetaka kuanza na Berlin wiki hii hahitaji kompyuta. Panga kwanza ubao wa wafalme na vitunda peke yake, Nyeupe a2, b2, c2, e5, f2, g2, h2 na mfalme g1; Nyeusi a7, b7, c7, c6, f7, g7, h7 na mfalme d8. Wacheze, wabadilishane rangi, wacheze tena, mpaka kila mmoja ajionee mwenyewe kitunda huru kinavyozaliwa upande wa mfalme. Kisha rudisha kete zote za hatua ya 8 na uwape dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10, na sharti moja kwa mwenye nyeusi: asibadilishe ngome yoyote kabla ya hatua ya 25. Akishazoea kushikilia hapo, mpangie hali ya London ilivyokuwa baada ya 25...Nf5, kete zote 26, mwambie Kasparov na Kramnik waliishia hapa, na yeye na mwenzake waendelee kutoka hapo. Nyeupe: Kg1, Rd2, Rf1, Bc3, Ne3, Nf2, vitunda a4, b3, c4, e5, f4, g2, h3. Nyeusi: Kc8, Re8, Rh5, Be6, Bf8, Nf5, vitunda a5, b6, c5, c7, f7, g7, h4. Zamu ni ya Nyeupe.